Kuifuata Nasaba kwa Hati za Mashamba

Mtu akitaka kujua nasaba ya ukoo, kwa desturi huwaendea wazee. Mzee atamtajia baba, na babu, na babu wa babu, mpaka wafike mahali ambapo kumbukumbu imekwisha. Hapa kwetu Busasamana wengi wetu twaweza kuhesabu hivyo vizazi vitano au sita. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuufuata ukoo kwa ardhi yake: nani aliandikwa juu ya shamba hili, alilipata kwa nani, na baada yake aliandikwa nani. Njia hiyo ndiyo tuliyojifunza mwaka huu katika chama chetu cha historia, nami nataka kuieleza kwa wanafunzi wenzangu, na kwa ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, maana wengi wenu sasa mna mashamba na hati mikononi.

Bruda anayetufundisha historia alitutaka tuchague ukoo mmoja wa walowezi, yaani Wazungu waliokuja kukaa na kulima zama za ukoloni. Alisema ukoo wa namna hiyo wafaa kwa mwanafunzi anayeanza, kwa sababu ardhi yao iliandikwa tangu siku ya kwanza, na wao wenyewe walikuwa watu wa kupenda sana karatasi.

Kwanza nilitazama karibu. Kutoka Busasamana nchi ya Kongo iko mbele ya macho, na mlima wa Nyiragongo umesimama huko. Katika Kivu walowezi walikuwa wengi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, nayo ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi katika jimbo lile. Lakini ukifuata mashamba ya Kivu, mara nyingi utakuta mnyororo umekatika mahali pamoja: tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kuwa mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na kupewa Wazaire. Baada ya tarehe hiyo jina la ukoo wa kizungu hupotea, na mtafutaji hubaki amesimama njiani.

Upande wetu wa Rwanda walowezi walikuwa wachache. Anayejulikana zaidi katika Gisenyi ni Bibi Rosamond Carr, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912. Alifika Kongo mwaka 1949 pamoja na mumewe. Baadaye wakaachana, naye akaja kukaa Mugongo, upande wa Mutura, akilima pareto na maua. Mwaka 1994 alifungua nyumba ya watoto yatima iitwayo Imbabazi, na watu wa hapa wamkumbuka kwa ajili hiyo kuliko kwa maua. Alifariki mwaka 2006, wala hakuacha mtoto wa kumzaa. Shamba kama lile laweza kuwa na historia kubwa, ila mwenye kutafuta nasaba hapati mstari wa kushuka. Hilo nalo lafundisha: hati ya shamba hufuata mkono wa mwenye kulishika, haifuati damu. Mara nyingine mkono na damu huenda pamoja, mara nyingine huachana, na kazi yote ya mtafutaji ni kujua wapi vimeachana.

Basi nikatafuta nchi ambayo mnyororo haukukatika. Nikaipata Kenya, na katika Kenya ukoo wa Cholmondeley, wenye cheo cha Baron Delamere. Jina hilo la ukoo Waingereza hulitamka “Chamli”, kwa sababu wanazozijua wao. Mimi sikufika Nairobi. Nilitumia vitabu vya historia ya Kenya, vitabu vya nasaba za makabaila wa Uingereza, na Gazeti la Serikali la Kenya, ambalo matoleo yake mengi ya zamani sasa husomwa kwa intaneti. Kompyuta zetu ni chache na umeme una tabia zake, lakini kazi ilifanyika.

Kabla ya kuuingia ukoo wenyewe yatupasa kujua daftari la ardhi likoje. Kwa kawaida halikupangwa kwa majina ya watu. Limepangwa kwa mashamba. Ukienda ofisini ukasema, “Nataka habari za ukoo wa fulani,” karani atakuuliza, “Namba gani?” Sisi wa Rwanda twalijua jambo hili. Kila kiwanja kilichoandikwa hapa kina namba yenye sehemu tano: mkoa, wilaya, sekta, akagari, na mwisho kiwanja chenyewe. Aijuaye namba amekwisha kujua mahali, lakini mtu bado. Kwa hiyo anza na ramani. Kwanza ujue shamba liko wapi na limepakana na nani, ndipo uulize jina.

Tena daftari ziko za namna mbili. Namna ya kale huandika mapatano: Fulani amemwuzia Fulani, siku fulani, kwa bei fulani, na mashahidi ni hawa. Kila mauzo yana karatasi yake, na karatasi zote hubaki kitabuni. Kuzisoma ni kazi ndefu lakini tamu, maana mnyororo mzima umo. Namna ya pili ni ile iliyobuniwa na Robert Torrens katika Australia ya Kusini mwaka 1858. Hiyo huandika haki yenyewe: serikali hutoa cheti kimoja kusema mwenye shamba ni huyu, na mnunuzi hana haja ya kuchimbua ya nyuma. Dola ya Kongo iliufuata mfano huo mapema, na Kenya ikaufuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mnunuzi ni njia njema sana. Kwa mtafuta nasaba ina hatari yake, kwa kuwa cheti kipya kikitolewa, kile cha zamani hufutwa na kuwekwa pembeni, na jina la marehemu huondoka machoni pa watu. Basi usiridhike na cheti cha leo. Uliza na vile vilivyofutwa.

Sasa tuingie shambani.

Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa tatu, alizaliwa mwaka 1870, akarithi cheo mwaka 1887 akiwa kijana wa miaka 17, yaani mdogo kuliko mimi. Alikuja Afrika kuwinda katika nchi ya Wasomali, na mwaka 1897 akafika nyanda za juu za Kenya kwa safari ya ngamia kutoka Berbera. Mwaka 1903 aliomba ardhi. Ombi la kwanza, la Laikipia, lilikataliwa. La pili, la karibu na Naivasha, likakataliwa pia, maana serikali iliogopa ugomvi na Wamasai. La tatu likakubaliwa: eka 100,000 huko Njoro, kwa miaka 99, kodi paundi 200 kwa mwaka, pamoja na sharti la kutumia paundi 5,000 shambani katika miaka mitano.

Nawaomba msimame kidogo hapa. Paundi 200 kwa eka 100,000 haifiki nusu peni kwa eka moja. Na eka 100,000 ni kadiri ya kilomita za mraba 405. Wilaya yetu ya Rubavu yote, sekta zake 12 pamoja na mji wa Gisenyi, ni kama kilomita za mraba 388, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya laki tano. Niliihesabu mara mbili, kisha nikampa mwenzangu aliye hodari wa hesabu aihesabu mara ya tatu. Shamba la kwanza la mtu mmoja lilikuwa kubwa kuliko wilaya yetu.

Mwaka 1906 akapata shamba la pili, Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, kama eka 50,000. Huko Njoro kondoo walimfia na ngano ikashikwa na kutu, naye akaweka rehani mali yake ya Uingereza ili aendelee. Msiidharau rehani mnapoikuta katika karatasi za zamani. Kila rehani ina siku ya kuandikwa na siku ya kufutwa, na mara nyingi aliyelipa deni si yule aliyelikopa, ni mwanawe. Hapo umepata vizazi viwili katika karatasi moja.

Urefu wa muda nao huweza kukuongoza. Miaka 99 tangu mwaka 1903 ingekwisha mwaka 2002. Mtafutaji ajua basi ya kuwa kabla ya mwaka huo lazima mtu fulani wa ukoo aonekane akiomba muda mwingine au hati nyingine. Sheria ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi wa Kenya kushika ardhi kwa miaka 999. Hati iliyotolewa mwaka ule ingefika mwisho wake mwaka 2914, siku ambayo sidhani gazeti letu litakuwapo kuitangaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikata jambo hilo: mtu asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99.

Lord Delamere huyo wa tatu alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akaacha madeni makubwa. Alifuatwa na mwanawe Thomas, aliyezaliwa mwaka 1900, aliyekuwa Baron wa nne mpaka kufa kwake mwaka 1979. Huyo naye akafuatwa na mwanawe Hugh, aliyezaliwa mwaka 1934, ndiye Baron wa tano. Angalieni sasa mtego uliopo. Wote watatu waliitwa Lord Delamere. Karatasi yaweza kusema “Lord Delamere wa Soysambu” na isiseme zaidi. Majina ya kubatizwa nayo hayasaidii sana, kwa sababu Hugh amemzaa Thomas, na Thomas amemzaa Hugh, na Hugh naye akamzaa Thomas. Kinachotenganisha watu hawa ni tarehe. Karatasi ya mwaka 1930 ni ya babu, ya mwaka 1932 ni ya mwana, na ya mwaka 1980 ni ya mjukuu. Ndiyo maana Bruda alitwambia tuziandike tarehe za vifo pembeni mwa karatasi kwa wino mwekundu kabla hatujaanza kusoma hati hata moja.

Huyo Thomas wa mwisho alizaliwa mwaka 1968 akafa mwaka 2016, baba yake angali hai. Kwa hiyo yeye hakupata kuwa Baron. Mtu wa namna hiyo aweza asionekane kabisa katika daftari la ardhi, ingawa katika nasaba yumo, na watoto wake ndio wanaoendeleza mstari. Mwenye kufuata hati tu angedhani ukoo umeruka kizazi. Ndipo lazima arudi kwenye vitabu vya vizazi na vifo, au kwa wazee.

Nimetaja wanaume peke yao mpaka sasa, na hilo ni kosa la karatasi kuliko langu. Hati nyingi za zama zile ziliandikwa jina la mume. Mke hana mstari wake katika daftari, basi mtafute kwa jirani. Lord Delamere wa tatu alimwoa Florence Cole mwaka 1899, binti wa kabaila wa Ireland aliyeitwa Earl wa Enniskillen. Sasa tazama ramani ya Elmenteita. Karibu na Soysambu kulikuwa na shamba lililoitwa Kekopey. Mwenyewe alikuwa nani? Galbraith Cole, ndugu yake Florence. Na ndugu mwingine, Berkeley Cole, alikaa Naro Moru, karibu na mlima Kenya. Vivyo hivyo Baron wa nne alimwoa, mwaka 1924, binti wa Lord George Scott, naye Lord George alikuwa na shamba Rongai, katika bonde lile lile. Mashemeji walikaa karibu karibu, kama ilivyo hapa kwetu. Ukikuta majirani wawili wa nchi ngeni wakiuziana na kushuhudiana hati kila wakati, uliza kama hawakuoleana. Nimeona ya kuwa mpaka wa shamba waweza kusema habari ambazo hati yenyewe imenyamaza. Kekopey, tangu hapo, limekwisha kugawanywa kwa wakulima wadogo. Hata nyani wa pale, waliokuwa wakichunguzwa na wataalamu tangu miaka ya 1970, ilibidi wahamishwe mwaka 1984, maana walikuwa wakila mazao.

Iko habari moja ambayo kwangu ndiyo ngumu na nzuri kuliko zote. Huko Naivasha alikuwapo mfugaji mkubwa, Gilbert Colvile. Mwaka 1943 alimwoa mwanamke aitwaye Diana. Mwaka 1955 wakaachana, na mwaka ule ule Diana akaolewa na Lord Delamere wa nne, akawa mkewe wa tatu. Mtu angedhani mambo ya Colvile yamekwisha hapo. La. Colvile alipofariki mwaka 1966 alimwachia Diana mali yake, ingawa hakuwa mkewe tena. Kati ya Colvile na Delamere hapakuwa na damu hata tone, lakini mali ilipita. Miaka miwili baadaye mjukuu wa Baron wa nne alizaliwa, yule Thomas niliyemtaja, akapewa majina Thomas Patrick Gilbert. Thomas ni la babu yake. Patrick ni la babu mzaa mama, Sir Patrick Renison, aliyekuwa Gavana wa Kenya tangu 1959 hata 1962. Na Gilbert? Hapo mimi nina dhana yangu, na msomaji awe na yake. Lakini mwenye kusoma hati bila kusoma majina ya watoto hataliona swali lenyewe.

Baadaye mtafutaji hukutana na ukuta. Jina la mtu hutoka karatasini, na mahali pake huingia jina la kampuni. Soysambu imekuwa ya kampuni ya Delamere Estates, na mwaka 2007 eneo lile likafanywa hifadhi ya wanyama. Kampuni haizai, haioi, wala haifi kama mtu. Wenye hisa waweza kubadilika mara kumi, na daftari la ardhi lisiandike neno. Hapo lazima uache ofisi ya ardhi uende ofisi inayoandikisha makampuni, ukaulize wakurugenzi na wenye hisa. Liko pia Gazeti la Serikali, ambalo hutangaza mirathi za waliokufa na hati zilizopotea. Matangazo haya huandikwa kwa herufi ndogo sana, na watu hawayasomi. Yasomeni.

Mpaka hapa nimeeleza yale ambayo daftari husema. Sasa nieleze mahali linaponyamaza, maana chama chetu kilibishana juu ya jambo hili muda wa juma zima.

Mstari wa kwanza wa daftari wasema: serikali imempa fulani. Haumtaji aliyekuwapo kabla. Tarehe 10 Agosti 1904 Wamasai walitia mkono mapatano na Sir Donald Stewart, mkuu wa serikali ya nchi ile, Laibon Olonana akiwa mmoja wao. Walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Nakuru, waende sehemu mbili, Laikipia na kusini, nao wakaahidiwa ya kuwa sehemu hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lingalipo. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine, wakatolewa Laikipia nako. Mwaka 1913 Wamasai wakaenda mahakamani, na kesi yao ikatupwa: mahakama ilisema yale yalikuwa mapatano ya dola na dola, ambayo hakimu hana uwezo wa kuyahukumu. Soysambu lilipatikana mwaka 1906, miaka miwili baada ya mapatano yale ya kwanza. Mtu akisoma hati ya shamba peke yake aweza kudhani nchi ilikuwa tupu.

Mwenzetu mmoja alisema hayo ni mambo ya Afrika tu. Basi nikamwonyesha Vale Royal, nyumba ya ukoo huo katika Cheshire, Uingereza. Waliiuza mwaka 1947 kwa kampuni ya Imperial Chemical Industries. Waliipata mwaka 1615, na aliyeinunua alikuwa mwanamke, Lady Mary Cholmondeley. Cheo cha Baron Delamere kilikuja baadaye sana, mwaka 1821. Lakini kabla yake ilikuwaje? Ilikuwa monasteri, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza. Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliwatoa watawa, na ardhi yao ikaenda mikononi mwa watu wa serikali yake. Huko nako, basi, kabla ya mnunuzi wa kwanza walikuwapo watu waliotolewa.

Wala daftari haliandiki yaliyotendeka ndani ya mpaka. Galbraith Cole, yule wa Kekopey, alimpiga risasi mwaka 1911 mtu aliyemdhania mwizi wa kondoo, akafa. Baraza la Wazungu wenzake lilimwachilia, lakini serikali ikamfukuza nchini kwa muda. Thomas, yule mrithi, alihukumiwa mwaka 2009 kwa kumwua mtu bila kukusudia katika Soysambu. Ukisoma karatasi za mashamba hayo utaona eka, kodi na rehani tu.

Labda wasomaji watauliza haya yatufaa nini sisi wa Busasamana. Nitajibu kwa jambo la nyumbani kwetu. Katika Rwanda, tangu 2009 hata 2013, viwanja zaidi ya milioni kumi viliandikwa, kila kimoja na jina la mwenyewe, na mume na mke wakaandikwa pamoja. Tena sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuwapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Ni jambo kubwa. Lakini kazi ya kuandika humkuta yule aliyepo. Shamba la babu yangu, ambamo twalima viazi, liliandikwa kwa jina la baba mdogo na mkewe, kwa kuwa siku zile yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa Masisi. Aliporudi alisema babu alikuwa amemkatia sehemu yake kabla hajaondoka. Karatasi hana. Baba mdogo si mtu mbaya. Asema yeye alikuwa mtoto wakati ule, hakumbuki, na hati ndiyo hiyo.

Nikafanya kama nilivyofanya kwa Kekopey. Niliacha hati yetu, nikawaendea majirani. Kwa heshima niliwaomba wazee wanionyeshe karatasi zao za zamani, na wengi walicheka, lakini walizitoa, nyingine zikiwa zimefungwa katika nailoni chini ya godoro. Mzee mmoja alikuwa na karatasi ya mauzo ya mwaka 1986, iliyoandikwa kwa mkono, yenye alama za vidole. Katika kueleza mipaka imeandikwa: upande wa kaskazini limepakana na shamba la fulani, binti wa fulani. Ni jina la shangazi yangu na la babu yangu. Karatasi hiyo haikuandikwa kwa ajili yake, na aliyeiandika hakumjali. Alikuwa akieleza tu kuta za shamba la mtu mwingine. Nilipomsomea, shangazi aliniomba nilisome jina lake tena.

Shauri hilo litasikilizwa na abunzi wa akagari baada ya mavuno. Yule mzee amekubali kuja na karatasi yake, ila amesema hataiacha mkononi mwa mtu yeyote, na mimi namwona ana haki.

Kwa wadogo wa darasa la kwanza na la pili waliotaka kujiunga na chama, haya ndiyo maswali ya kuanzia. Chora nasaba ya akina Delamere tangu 1870 hata 2016, ukitia wake na mashemeji, na kila jina lenye shamba uliwekee alama. Kisha jibu: karatasi isemayo “Lord Delamere” ya mwezi wa Desemba 1931 ni ya nani? Karatasi ya Naivasha ya mwaka 1967 yenye jina la Diana, je, ardhi ile yaweza kuwa imetoka kwa mume yupi? Mwisho, nenda nyumbani, omba kuiona hati ya shamba lenu, uandike namba yake na majina ya majirani wa pande zote nne. Usiibebe hati yenyewe kuja nayo shule. Nakili tu kwa kalamu. Majibu yaletwe maktaba siku ya Jumamosi baada ya usafi, nami nitakuwapo.